Nabadilishana Beetle ya 1967, iliyofunguliwa yote, na mtu mwenye darubini: tupige hesabu ya mradi ambao haujakamilika

Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu.

Nina Volkswagen Beetle toleo la 1967, injini ya 1500, niliyoifungua yote kwa nia ya kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani. Kazi imefika mahali na mimi sitaimalizia tena, kwa sababu sina sehemu yenye paa ya kufanyia uchomeleaji na rangi. Nataka kuibadilisha na vifaa vya kutazamia nyota: darubini ya kioo chenye kipenyo kisichopungua milimita 200, stendi imara na lenzi za jicho za kuanzia. Kuna ndugu mmoja mwenye vifaa hivyo amejitokeza, naye analitaka gari.

Kabla hatujapeana mikono naleta hapa hesabu yangu. Gari linalotembea kila mtu anajua namna ya kuliuza. Spea vilevile. Ila gari lililo katikati ya safari halina mwenyewe: mwenye nalo analiona kama gari zima, anayelitazama analiona kama chuma chakavu, na wote wawili hawajalipima.

Hali yake ilivyo leo. Bodi imetenganishwa na sakafu. Sakafu pande zote mbili imebadilishwa, upande wa kulia ukiwa ndio ulioharibika zaidi, kama ilivyo kwa Beetle nyingi, maana betri inakaa chini ya kiti cha nyuma upande huo na tindikali yake ikivuja inakula bati polepole bila mtu kuona. Mfereji wa joto wa kushoto, ule wa bati unaopita chini ya mlango, umebadilishwa, wa kulia bado. Breki ni mpya kuanzia silinda kuu hadi kwenye magurudumu, na mabomba yake pia. Injini imefungwa upya kwa pistoni na silinda mpya. Gia boksi haijaguswa. Nyaya za umeme, raba za milango na vioo, viti, dari ya kitambaa na rangi, vyote bado.

Nilichofanya kwenye thamani ni hiki. Nimechukua bei ya Beetle ya aina hiyo ikiwa imekamilika vizuri, si ile ya maonyesho, ila ile ambayo mtu wa kawaida analipa. Nikatoa gharama ya kila kilichobaki, spea na ufundi, kwa bei za leo. Kisha nikatoa tena sehemu nyingine kwa ajili ya mambo ambayo hayaonekani mpaka uyafikie. Kinachobaki ndicho ninachokiita thamani ya mradi. Ni kidogo kuliko nilivyoweka, tena kwa mbali, na nimekubaliana nacho. Pesa iliyokwishatumika haimhusu anayechukua gari. Kinachomhusu ni kazi iliyobaki mbele yake.

Hapa wengi tunapojidanganya ni kwenye ile kauli ya "kazi imefika nusu". Mtu akishabadilisha sakafu na kufunga injini anaona mlima umekwisha. Kilichobaki ni rangi, umeme, vitambaa, raba, vioo na vitu vya kung'aa, na hivyo ndivyo vinavyomeza pesa na uvumilivu kuliko injini. Kuitayarisha bodi tu kabla ya rangi, kupiga msasa, kunyoosha, kupiga msasa tena, ni kazi ya mikono ambayo haina njia ya mkato.

Naomba mchango wenu kuhusu hesabu hii, na hasa namna ya kupima vile ninavyopewa.

Mdau wa kwanza

Mkuu, kwa nini usiuze vipande? Injini peke yake, gia boksi peke yake, milango, boneti, rimu. Ukijumlisha utapata zaidi ya hicho unachokiita thamani ya mradi, kisha ununue darubini mpya dukani ikiwa na dhamana.

Mleta uzi

Ndugu yangu, kwenye karatasi uko sahihi. Nimeipiga na hiyo hesabu. Injini na milango vitaondoka upesi. Baada ya hapo unabaki na bodi isiyo na milango, sakafu mpya isiyo na wa kuitaka, na hati ya gari ambalo halipo tena. Kila kipande kina mnunuzi wake, maswali yake na safari yake, na vile vya mwisho havina mnunuzi kabisa.

Lakini sababu kubwa ni kwamba gari hili linaweza kutembea tena. Ile sakafu niliisimamia inchi kwa inchi. Sitaki kuwa mimi ndiye niliyeligawa wakati kuna mtu mwenye karakana, mwenye mikono, anayelitaka zima.

Mdau wa pili

Nimefanya kazi na magari haya muda mrefu, kwa hiyo niruhusu niingie kwa undani kidogo.

Kwanza, usiingize neno "adimu" kwenye hesabu. Beetle zilizotengenezwa duniani ni 21,529,464, na ya mwisho ilitoka kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003. Februari 1972 ilikuwa tayari imeipita rekodi ya Ford Model T. Hilo halikupunguzii kitu, linakuongezea. Kwa wingi huo bado kuna watu wanatengeneza sakafu, mifereji ya joto, raba na karibu kila kilichobaki kwenye orodha yako. Mradi wa gari adimu unaweza kukwama kwa sababu ya taa moja ya nyuma isiyopatikana popote. Wako hautakwama hivyo, na anayechukua anapaswa kuujua ubora huo.

Pili, toleo ni jambo zito. Kipindi hicho Volkswagen walikuwa wanabadilisha vitu karibu kila mwaka. Rimu za bolti tano ziliishia hapo, toleo la 1968 likaja na za bolti nne. Umeme ulikuwa unahama kutoka volti 6 kwenda volti 12, kwa hiyo gari la wakati huo lazima ulikague na usilidhanie. Kwenye maboksi yako hakikisha spea ni za toleo lako. Kipande cha mwaka mwingine kinaweza kufanana machoni na kikakataa kukaa mahali pake.

Tatu, ule mfereji wa kulia. Umesema bodi iko nje ya sakafu na mfereji bado. Je, ulichomelea mabomba ya kushikilia mlango kabla ya kuinua bodi? Mifereji ile haipitishi hewa ya moto tu. Ndiyo inayobeba pembeni mwa bodi kuanzia nguzo ya mbele hadi ya nyuma. Ikiwa imeoza ukainua bodi bila kuikaza, upenyo wa mlango unabadilika, na utakuja kugundua siku ya kurudisha mlango kwamba komeo halifiki kwenye shikio lake.

Mleta uzi

Asante sana mkuu. Ndiyo, mabomba yamechomelewa pande zote mbili, mawili ya kukata mlango kwa mshazari na moja kutoka nguzo hadi nguzo, na bado yapo. Nimemwambia ndugu anayechukua asiyakate hadi mfereji wa kulia ukae na bodi ijaribiwe juu ya sakafu.

Umeme ni wa volti 12, na rimu ni za bolti tano.

Kuhusu maboksi, hili ndilo ninalojivunia. Kila kitu kilichotoka kwenye gari kimo kwenye mfuko wake wa plastiki, na kila mfuko una kipande cha kadibodi ndani kilichoandikwa kwa penseli: kilikotoka, upande gani, na kama kimesafishwa. Penseli kwa makusudi, maana wino wa kalamu ukiguswa na mafuta unafutika. Bolti za kushikilia bodi ziko pamoja na washa zake pana za mstatili. Bawaba za milango zimewekwa kwa upande wake na vibati vya nyuma yake. Kabla ya kufungua kila sehemu nilipiga picha, na picha zimepangwa kwa mpangilio uleule wa maboksi.

Mdau wa tatu

Hapo mleta uzi umegusa kitu ambacho kina thamani kuliko injini. Niliwahi kuchukua mradi wa mtu, gari lingine kabisa, likaja na ndoo za bolti zilizochanganywa. Bodi ilikuwa nzuri, injini ilikuwa nzuri. Kilichonichosha ni kusimama na boneti mkononi bila kujua ni bolti zipi na mpangilio upi wa washa. Mwishowe nililiuza kama lilivyokuja.

Kwa anayepokea mradi, ushauri wangu ni huu: fungua maboksi yote. Usitazame bodi tu. Shika orodha, chagua vitu kadhaa ovyo, mwambie mwenye gari akuonyeshe vilipo. Ukiuliza lachi ya boneti na akaenda moja kwa moja kwenye boksi, umempata mtu makini. Akianza kupekua, punguza bei.

Na kama bodi imepakwa praima tu, yaani ile rangi ya chini, uliza imekaa hivyo muda gani na ilikaa wapi. Praima nyingi zinanyonya maji. Bati linaonekana safi, kumbe kutu imeshaanza chini yake, na rangi ikipigwa juu itavimba.

Mleta uzi

Ni swali la haki. Praima niliyotumia ni ile ya epoksi, isiyopitisha maji, na bodi imekaa ndani muda wote. Kukosa paa la kufanyia kazi ndiko kunakonifanya niharakishe sasa. Siwezi kuitoa nje.

Mdau wa pili

Injini sasa. Umesema imefungwa upya. Imewashwa?

Mleta uzi

Haijawashwa. Imefungwa, imefunikwa, matundu ya plagi yamezibwa, na ninaigeuza kwa mkono mara kwa mara ili isigande.

Mdau wa pili

Basi kwenye hesabu yako iandike kama injini iliyofungwa. Injini nzima ni ile iliyowaka. Tofauti ni kubwa, na mwenzako ana haki ya kuikata.

Ila una njia. Injini ya Beetle inapozwa kwa hewa, haina rejeta wala mabomba ya maji, kwa hiyo unaweza kuiwasha chini, nje ya gari. Ifunge kwenye gia boksi yake, maana stata inashikwa na gia boksi, na kaza gia boksi kwenye meza imara. Feni na kava lake la bati viwe mahali pake na mkanda umekazwa, usiwashe bila hivyo hata kidogo. Weka oili lita 2.5. Pampu ya mafuta inaendeshwa na injini yenyewe, kwa hiyo itavuta petroli kutoka kwenye kopo lolote safi lililowekwa pembeni, mbali na ekzosi, na kizima moto kiwe karibu. Kabla ya kuunganisha koili, zungusha kwa stata mpaka taa ya presha ya oili izimike. Pengo la valvu liwe milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa.

Na kabla ya hayo yote, kuna kipimo kinachosema ukweli wa injini hii kuliko sauti yake. Shika puli kubwa ya nyuma kwa mikono miwili, isukume ndani kisha ivute nje. Unapima mchezo, yaani ulegevu, wa krankishafti, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Inatakiwa iwe kati ya milimita 0.07 na 0.13, na ikizidi 0.15 injini inahitaji kufunguliwa. Kwa mkono utasikia kama ipo au haipo, kwa saa ya kupimia, kile kifaa chenye mshale kinachosoma sehemu za milimita, utapata namba. Ukimwonyesha mwenzako namba hiyo na video ya injini ikiwaka, umepandisha thamani ya mradi kihalali kabisa.

Mleta uzi

Hili nitalifanya kabla ya makabidhiano, na yeye akiwepo. Namba nitazileta humu.

Mdau wa nne

Mimi ni mtu wa darubini, magari siyajui, kwa hiyo nachangia upande wa pili ambao naona umesahaulika. Mleta uzi umelipima gari lako hadi sehemu ya mia ya milimita. Umevipima vipi unavyopewa? Ameahidi nini hasa?

Mleta uzi

Darubini ya Newton, yaani ya kioo, ya milimita 200, urefu wa fokasi milimita 1200, pamoja na sanduku lake la Dobson, ile stendi fupi ya kugeuzwa kwa mkono. Stendi ya ikweta yenye mota, ile inayozunguka kufuata mwendo wa nyota. Lenzi za jicho mbili, ya milimita 25 na ya 10. Na kamera ya zamani kidogo kwa ajili ya picha.

Mdau wa nne

Ni seti nzuri ya kuanzia na ya kukaa nayo. Kioo cha milimita 200 kinakusanya mwanga zaidi ya mara 800 ya mboni ya jicho iliyofunguka milimita 7. Kwa lenzi ya 25 utapata ukuzaji wa mara 48, kwa ya 10 mara 120. Hapo unaona pete za Zohali waziwazi, miezi minne ya Mshtarii na mikanda yake, na kwenye Mwezi hutamaliza. Asije mtu akakuuzia maneno ya ukuzaji wa mara 600. Hewa iliyo juu yetu haikubali, na usiku mwingi utakaa chini ya 250.

Kukagua kioo kikuu, usitumie tochi kukihukumu. Kioo chochote ukikipiga tochi kwa pembeni kinaonekana kibovu, vumbi lote linasimama. Vumbi halina shida. Tafuta mikwaruzo ya kufutwa kwa kitambaa, na mabaka ambapo tabaka la alumini limeanza kuondoka. Muulize kama kimewahi kusafishwa na alisafisha vipi. Jibu unalotaka kusikia ni maji mengi, sabuni kidogo na hakikusuguliwa, au hakijawahi kuguswa.

Kipimo kikuu kinafanyika usiku. Ipeleke nje, iache nusu saa au zaidi kioo kipoe kilingane na hewa, linganisha vioo vielekeane sawasawa, kisha lenga nyota moja angavu iliyo juu. Itoe kwenye fokasi kidogo upande mmoja, tazama duara. Irudishe, ivushe upande wa pili, tazama tena. Unatafuta viduara vinavyozunguka kitovu kimoja, vinavyofanana pande zote mbili. Kikivutika kama yai na yai likageuka upande ulipovuka fokasi, kuna tatizo la kioo au kioo kimebanwa kwenye kishikio chake. Kikibanwa, unalegeza skrubu na unaendelea na maisha. Kama ni kioo chenyewe, hapo hakuna cha kukubali.

Stendi ya ikweta ndiyo yenye siri nyingi. Fungua klachi, zungusha kila mhimili kwa mkono: uende laini mzunguko mzima bila mahali panapokwama. Funga klachi, shika ncha ya upau wa vyuma vya uzito, utikise kidogo. Mchezo mdogo hauepukiki, ukigonga kwa sauti ni meno ya gia. Washa mota zote mbili, kila mwendo, kwa muda wa kutosha, siyo sekunde chache. Na uliza stendi inabeba kilo ngapi. Kwa kutazama tu unaweza kukaribia kiwango hicho. Kwa picha, kaa karibu na nusu yake. Darubini ya 200 ni ndefu na inashika upepo, kwa hiyo kama stendi ni ndogo, sanduku la Dobson ndilo utakalolitumia na stendi itabaki ya kamera na lenzi yake tu. Ukijua hivyo, ihesabu hivyo.

Usikubali makabidhiano ya mchana peke yake. Na kama kuna watoto nyumbani, kitu cha kwanza kabla ya yote: darubini haielekezwi kwenye Jua bila chujio maalumu linalokaa mbele ya mdomo wake. Jicho linaungua kabla hujahisi maumivu.

Mleta uzi

Mkuu, nimenakili yote. Stendi nitaihesabu kwa kile inachoweza kubeba kweli. Kama kutakuwa na pengo baina yetu, tumekubaliana mwenye upungufu aongeze fedha taslimu. Sitaki tuanze kuongeza vitu vidogovidogo vya kujaza mizani. Ndivyo mtu anavyorudi nyumbani na mifuko mitatu ya kamera asiyoihitaji.

Mdau wa tano

Naona hakuna aliyegusa hati. Gari lisilokamilika ndilo linaloleta kesi, kwa sababu watu wanaliona kama vyuma tu na kuacha makaratasi. Miaka baadaye aliyelimaliza anakwenda kulisajili, jina kwenye hati ni la mtu aliyehama.

Namba ya chesisi ya Beetle imegongwa kwenye handaki la katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma, na ipo tena kwenye kibati chini ya boneti ya mbele. Wewe umebadilisha sakafu pande zote. Handaki lenyewe liliguswa?

Mleta uzi

Halikuguswa. Sakafu za pembeni zilikatwa na kuchomelewa, handaki ni lile lile la kiwandani na namba inasomeka. Inalingana na kibati na inalingana na hati, na hati ni ya jina langu. Gari halidaiwi popote.

Mdau wa tano

Safi. Basi andikeni mkataba wa kubadilishana, siyo wa kuuziana. Uwe na namba ya chesisi na ya injini upande wako, na namba za mfululizo za stendi na kamera upande wake. Thamani mliyokubaliana kwa kila upande iandikwe kwa tarakimu, kwa sababu mkija kutofautiana baadaye hakuna atakayekumbuka mlipimaje. Orodha ya maboksi iwe sehemu ya mkataba, kila ukurasa usainiwe. Na muandike kwamba gari linachukuliwa kama lilivyo, halijakamilika na halifai kwenda barabarani, ili asije mtu akaliwasha kesho akaingia nalo njiani akidhani breki mpya ni ruhusa.

Yeye naye aonyeshe risiti za vifaa vyake, au walau picha za zamani akivitumia. Vifaa vya namna hii vinaibwa.

Mleta uzi

Nimepokea. Mrejesho kwa wote, tumekutana.

Injini imewaka nje ya gari, yeye akiwa ameshika kopo la mafuta. Mchezo wa krankishafti umesoma milimita 0.09 kwa saa ya kupimia, na taa ya presha ilizimika mapema wakati tunazungusha kwa stata. Tumeipandisha kwenye hesabu kutoka injini iliyofungwa hadi injini inayofanya kazi, yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza.

Usiku tulipima darubini. Viduara vilitokea kama alivyoeleza mdau wa nne, vya mviringo na vinavyofanana pande zote mbili baada ya kulinganisha vioo. Stendi ni nzima, mhimili mmoja una mchezo kidogo usiogonga, ila uwezo wake ni mdogo kwa darubini hiyo, kwa hiyo tumeihesabu kama stendi ya kamera. Pengo lililobaki analifunga kwa fedha.

Mkataba umesainiwa na shahidi kila upande. Ombi la kubadilisha umiliki wa gari tumelipeleka pamoja. Bodi inasafiri ikiwa imelazwa juu ya sakafu yake kwa bolti nne tu za pembeni ili isipinde, mabomba ya milangoni bado yamo, na maboksi yanasafiri kwenye gari la abiria badala ya lori, mikononi mwa mwenyewe.

Ameniuliza kama anaweza kunipigia simu akikwama kwenye mfereji wa kulia. Nimemwambia wakati wowote, ila nyota zikiwa nje aanze kwa ujumbe mfupi.